Blanketi la Bi Bernadine Lililopandishwa Madhabahuni

Risala ya Wakazi wa Ngazi za Maktaba, Milwaukee, Marekani, kwa Mwalimu Judith Aldrich, mwasisi wa Hekalu la Moyo Wazi

Mgeni rasmi, Mwalimu Judith. Walezi wa hekalu. Nanyi wenzetu mliowahi viti vya karibu na bomba la joto:

KARIBU

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tunakohoa, kwa hiyo umefika wakati mwafaka. Risala hii inasomwa na ndugu Cornell Tibbs, aliyechaguliwa kwa kuwa ndiye mwenye meno ya mbele. Kengele ikigongwa katikati ili watu wote watulie na kupumua, kama ilivyo desturi humu, mtusamehe. Tumeshapumua asubuhi.

TULIKOTOKA

Jengo hili lilikuwa kanisa la Walutheri. Walutheri wakazeeka, mabenchi yakauzwa, mikeka ya kutafakari ya Kibuddha ikaingia, na pamoja nayo maprofesa na madaktari walionyoa vichwa. Miaka mingi walikaa kimya humu ndani wakiwaombea heri viumbe vyote, na sisi viumbe tulikuwa nje, tukilala kwenye ngazi za maktaba. Ndipo wewe, Mwalimu, ukawaambia kwamba huruma isiyovuka kizingiti ni usingizi tu. Kesho yake supu ikatoka. Baridi ilipozidi, ukafungua chumba cha chini tulale. Kwa hilo tunakushukuru bila mzaha wowote.

MAFANIKIO

Sasa tunaweza kukaa kimya nusu saa kabla ya supu. Ndugu Marvin hukoroma, na ameambiwa amefika mbali kiroho. Tumezoea dengu. Mwaka juzi tuliomba soseji, tukaundiwa duara la kusikilizana. Tulisikilizwa sana. Soseji haikuja.

(Hapa msomaji angoje makofi. Yasipopatikana, aendelee.)

CHANGAMOTO

Januari iliyopita mlifanya mafungo ya mitaani. Watu wa hekalu waliacha nyumba, pochi na simu, wakaja kulala nje ili wayajue maisha yetu. Hatukatai. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wetu hawabagui. Ila waliotoka ndio hao hao wenye zamu ya chumba cha chini. Kwa hiyo kikafungwa. Tulikuta karatasi mlangoni: "Tumefunga kwa ajili ya mazoezi ya huruma."

Bi Bernadine Kubiak, aliyekaa mstari wa mbele na aliyetukataza kulisema hili, alirudi nasi kwenye ngazi. Akakuta mahali pake pana mtu mgeni anatetemeka. Kwa viatu tu alijua huyu si mwenzetu. Lakini midomo ilikuwa imegeuka buluu, na Bi Bernadine amelea watatu. Mtoto wa mwenzake akitetemeka, yeye hawezi kugeuza uso.

"We kijana, mkeo kakufukuza?"

"Hapana, mama. Natafuta hali ya kutojua, ndilo zoezi letu."

"Basi umeshafika, baba. Hata kulala hujui. Shika hili, jifunike na masikio."

Akampa blanketi lake la pekee, la sufu, lenye mistari myekundu. Yeye akajifunika magazeti. Kulipokucha yule mtu, ambaye ni Daktari Preston Voss wa meno, alimkumbatia, akalia, akaondoka na blanketi. Bi Bernadine alidhani amekwenda nalo chooni. Alimngoja mchana kutwa, na usiku wake akalala bila kitu. Nimonia ikamwangusha, akalazwa hospitali mpaka theluji ilipoyeyuka. Tuliogopa, Mwalimu. Ndugu Marvin alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya kusema kaburini.

Alipotoka alikuja kunywa supu, akalikuta blanketi lake madhabahuni, miguuni pa sanamu ya Buddha.

"Mbona blanketi langu lina mishumaa?"

Akajibiwa kwamba ni ishara, linawafundisha watu kutoa.

"Linafundisha vizuri," alisema. "Mimi limenifundisha kukohoa."

Daktari Preston, tunakupenda, na masufuria unayasugua kuliko sisi sote. Lakini lile jambo lilituuma, na linatuuma kila Alhamisi ya supu, tukila tunalitazama.

OMBI

Tumesikia mnakuja tena Januari hii. Karibuni sana. Tutawaonyesha tundu linalotoa hewa ya moto, na mlinzi yupi ana roho nzuri. Ila mkija kulala kwetu, sisi tulale kwenu, chumba cha chini. Hayo nayo ni mafungo. Tutamwagilia maua, na mkitaka tutawaombea heri viumbe walioko nje.

Blanketi nalo lishuke. Limeshafukizwa ubani wa kutosha, na sanamu ni ya shaba, haijapata kuugua mapafu.

Kila ibada ikiisha humu hupitishwa bakuli la sadaka. La leo tunalipitisha sisi, na limeshikwa na Bi Bernadine mwenyewe, ingawa anatutazama kwa hasira. Msitie hela. Mwalimu Judith, asubuhi tulikuona ukikabidhiwa ufunguo wa chumba cha chini, ukautia mfuko wa kushoto wa joho. Bi Bernadine anakuja upande wako sasa. Hatembei haraka siku hizi, kwa hiyo una muda wa kutafakari.

Viumbe vyote viwe na amani, na vyenye mapafu vipate na mlango.

Ni sisi,
Wakazi wa Ngazi za Maktaba