Mama Waya na Seva Iliyonuna

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne: huo ndio utumishi wa Mama Waya katika hospitali yetu. Leo, tarehe 30 Juni, anakabidhi funguo za chumba cha mitambo na kustaafu.

Alianza kama opereta wa simu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliikwepa kama mkwe. Yeye aliipangusa vumbi, akavuta kiti, akajifunza. Tangu hapo hakuna waya uliopita darini bila kupita mkononi mwake. Chumba chake kina ubaridi wa alfajiri hata saa saba mchana, na taa ndogo za kijani hupepesa kama vimulimuli. Yeye huimba taratibu akifanya kazi, na ukisikiliza mvumo wa feni utaapa kwamba mashine zinamwitikia.

Kabla ya kugusa seva yoyote, huandika daftarini kwa penseli anwani zake zote za mtandao. Sisi vijana tulimcheka. Daftari, zama hizi! Alitujibu kwamba karatasi haihitaji umeme.

Mwezi wa pili mwaka huu, siku moja kabla ya harusi yangu, nilibadilisha mfumo endeshi wa seva ya maabara. Akili yangu ilikuwa kwenye shela. Sikuandika chochote. Seva iliwaka vizuri, ila ilinuna: haikusema na mtu. Majibu ya vipimo yakaanza kubebwa kwa miguu hadi wodini, na mkuu wa kitengo akatamka kwamba hatoki mtu, bibi harusi au si bibi harusi, mpaka seva irudi kwenye mtandao. Nililia. Mchumba wangu (jamani, mwanamume yule!) alipiga simu mara nne kuuliza kama nimebadili nia.

Mama Waya hakunigombeza. Alisema tu, "Futa machozi, mwanangu, tuanzie karibu." Tukakagua waya: taa inawaka. Tukaiamuru seva ijiite yenyewe; ikaitika. Ikaita mashine ya jirani, kimya. Basi kosa lilikuwa hapohapo. Mfumo mpya ulikuwa umeipa kadi ya mtandao jina jipya, na faili la mipangilio bado lilikuwa linaita la zamani. Akacheka, akasema hata mimi kesho nitaitwa jina la kwetu nisigeuke.

Tukarekebisha jina. Jirani akaitika! Lakini wodi zilikuwa bado gizani, kwa sababu anwani ya kutokea nje ya chumba ilikuwa imefutika, nami sikuikumbuka hata tarakimu moja. Mama Waya akafungua daftari lake. Ilikuwemo. Aliiandika jana yake, akijua fika kwamba mwali hana akili ya kazi.

Saa tisa alasiri majibu yalianza kutiririka wodini, naye akanifukuza niende saluni.

Kuna jambo ambalo wengi hamlijui. Sheria yake ni kwamba seva iliyobadilishwa mfumo haiachwi peke yake siku ya kwanza. Zamu ya Jumamosi ile, siku ya harusi, ilikuwa yangu. Aliichukua yeye. Nilipoingia ukumbini kama ninayeelea, macho yamejaa mume wangu, kiti nilichomwekea mstari wa mbele kilikuwa kitupu. Wifi yangu aliuliza ni cha nani. Nilimwambia ni cha aliyenifikisha hapa.

Mama Waya, asante kwa kila waya na kila subira. Lala mpaka jua likuamshe lenyewe. Wajukuu wakuchoshe kwa vicheko, na siku zako ziwe ndefu, laini, zisizo na kengele ya dharura.

Na usinitafute ukumbini maneno haya yakisomwa. Jana tumebadilisha mfumo wa seva ya famasia, na wewe mwenyewe ulipangiwa kuilinda leo. Nipo nayo mimi, chumbani kwako. Wewe kaa mbele, upigiwe makofi.