Magoti ya Mama Kunegunda

Songea, Jumamosi, tarehe 11 Juni 1994. Tangu alfajiri ukungu umefunika milima ya Matogoro na baridi ni kali, ndiyo maana mgeni wetu ametukuta tumevaa makoti juu ya khanga.

Mgeni rasmi, Bi. Verna Aldstrom, mshairi kutoka Marekani,

Makaribisho

Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam aleikum. Ulipoondoka tulimwomba Mungu akurudishe kabla hatujazeeka. Umerudi, tunamshukuru. Kuzeeka tumezeeka kidogo.

Historia yako

Wapo wageni wasiokufahamu. Bi. Verna alizaliwa na mama aliyefua nguo za watu. Alipokuwa mwalimu kwao, aliandika mashairi akiuliza kwa nini mwalimu wa kike alipwe pungufu ya mwanamume. Akafukuzwa kazi. Wachapaji wakamshauri aandike juu ya maua. Yeye akaandika juu ya jiko, uchungu wa uzazi, na haki ya mwanamke kukataa, mpaka vitabu vikatoka. Ndipo akaja Songea kujitolea, akaanzisha darasa hili la wanawake la kusoma na kuandika katika chumba cha parokia. Neno alilolirudia sana ni kwamba mtu asisemewe na yeye mwenyewe yupo.

Maendeleo

Mwanahawa, muuza korosho, anawaandikia watoto wake wa Tunduru bila kutafuta mtu wa kumwandikia. Mama Kunegunda anasoma somo kanisani Jumapili, na sauti inafika nyuma.

Tatizo letu

Ulitutumia kitabu chako kipya. Mwalimu Judica alitutafsiria, tukafurahi, hadi tulipofika kwenye shairi lenye jina la Kunegunda. Linasema amepiga magoti mbele ya mume aliyeketi kitini, kinywa cha mke kimefungwa, na mume anamtazama kama mtu atazamavyo mali yake.

Mwanahawa alijaribu utani, akasema, "Shoga, umeshakuwa mtu wa Marekani, usitusahau." Kunegunda hakucheka. Aliikumbuka jioni ile. Ulikuja nyumbani kumchukua kwa somo lake la kwanza, ukasimama mlangoni. Mzee Gaudence, mumewe, alikuwa amevunjika mguu, hawezi kupiga magoti. Msalaba wa nyumba ile umetundikwa ukutani, juu ya kiti chake. Kunegunda alikuwa akimwomba Mungu ampe ujasiri wa kuishika chaki mbele ya watu. Aliomba kimyakimya, na mumewe akimngojea amalize ili waseme amina pamoja.

Hatusemi kwamba kwetu mwanamke hampigii mtu magoti. Anapiga, na mengine uliyoandika juu ya hilo ni kweli. Lakini si jioni ile, na si wale wawili.

Habari zilifika sokoni. Vijana wakaanza kumwita mzee "Bwana Magoti". Mguu ulipopona, yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza mkewe darasani na kandili mkononi. Tangu kitabu kije, hasindikizi tena. Mkewe akimuuliza, humjibu, "Nenda na Mzungu wako." Leo amekuja, ila ameketi karibu na mlango.

Maombi

Hatuombi vyerehani. Tumesikia kitabu kitachapwa tena. Tunaomba uingize msalaba ule na mguu ule uliovunjika. Ikishindikana, ondoa jina lake. Hatuna hasira nawe. Tunakusomea haya kwa sababu ni wewe uliyetufundisha kusoma.

Mungu akufikishe kwenu salama, aubariki mkono wako unaoandika, na atukutanishe tena nawe, sisi wanawake wa Darasa la Jioni, Mfaranyaki. Msomaji wenu nilikuwa Adela. Mama Kunegunda ameomba neno la mwisho aliseme mwenyewe, nyote mkiwa mashahidi, naye sasa anasimama.

"Dada Verna, shikamoo. Ukirekebisha, nitashukuru. Usiporekebisha, sitakuchukia. Lakini mimi, Kunegunda, naahidi mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa, na wewe Baba pale mlangoni unisikie: shairi la magoti yangu nitaliandika mwenyewe, na kandili yako itakuwemo."