Profesa Nyamai Mulei na Maji Yasiyo na Uzito

Mjomba wetu, marehemu Profesa Nyamai Mulei, alizaliwa hapa Mwingi tarehe 4 Machi 1946, kifungua mimba wa Mzee Mulei na Mama Wanza, ambaye mimi nabeba jina lake.

Alisomea hapa nyumbani, kisha Machakos, na mwaka wa 1967 akapelekwa Moscow kusomea uhandisi wa vyombo vya angani. Aliporudi alifundisha chuo kikuu Nairobi. Alichunguza vile maji na mafuta hukaa mahali vitu havina uzito. Aliniambia, "Wanza, huko juu maji hayajui chini ni wapi. Mafuta yakikataa kuingia kwa bomba, chombo kimezima."

Alimwoa Kavindu mwaka wa 1977, wakaishi mtaa wa Olympic, Nairobi.

Krismasi ya 2007 mkewe, Mama Kavindu, alikuja huku nyumbani. Mjomba akabaki na kazi yake. Vita vya kura vilipoanza alikimbilia kwangu mtaani Kawangware, amebeba masanduku yaliyojaa nyaya za majaribio yake, nguo ameacha. Majirani wakaanza kunong'ona. Siku moja vijana wakamkuta juu ya ngazi za ploti akiangusha chupa.

"Buda, unajaribu bomu?" jirani yetu Khamala akauliza.

Mjomba akatoboa chupa ya maji kwa msumari. Akiishika, maji yalichuruzika. Akaiachilia, ikianguka, hata tone halikutoka.

"Chupa na maji vinaanguka pamoja," akaeleza. "Hakuna anayemsukuma mwenzake."

"Hebu rudia," Khamala akasema.

Akarudia mpaka maji ya mtungi wangu yakaisha. Wakacheka, lakini mmoja akasema, "Si bomu. Ni uchawi." Tangu hapo hakuna mama aliyemruhusu mtoto wake kucheza na binti yangu Daisy.

Mjomba alikuwa na presha. Dawa zilibaki Olympic na barabara zilifungwa. Tarehe 17 Januari 2008 alianguka jikoni kwangu, akafariki kabla hatujafika hospitali. Kuna wanaosema alijilipua. Mimi ndiye nilimpangusa uso. Hakuwa na mkwaruzo.

Tukimleta huku, vijana kwa kizuizi cha barabarani walifungua jeneza, wakapapasa chini ya blanketi wakitafuta silaha. Na jana, hapa hapa nyumbani, nimesikia mtu akisema sanduku ni zito sana kwa mwili mmoja.

Amemwacha mjane wake Kavindu, watoto wake Timothy na Nthenya, na sisi wapwa.

Kabla hatujamshusha, jeneza litafunguliwa tena. Wewe uliyesema, njoo mbele, angalia, hata uingize mkono. Ukitosheka, shika upande mmoja utusaidie kumbeba.

Mjomba, pumzika. Hakuna wa kukuuliza tena.