Chumvi ya Mabrouka

Benchi letu liko Sfax, mji wa pwani, ubavuni mwa kibanda cha Mabrouka. Frikase zake ni maandazi ya chumvi anayoyapasua moto moto na kuyashindilia jodari, yai, kiazi na harisa, rojo kali la pilipili. Ila tangu augue homa majira ya baridi, Mabrouka hasikii ladha. Chumvi anaitia kwa kukumbuka, na kumbukumbu yake ina mkono mzito. Ameapa kwamba mteja wa kwanza kulalamika, siku hiyohiyo anafunga kibanda. Basi sisi watatu tunakula, tunasifu, tunashushia kahawa.

— Ashtuliwe, alinong'ona Tabibu, ambaye hospitalini alikuwa mlinzi wa geti. Ulimi umelala tu.

— Umshtue mtu mwenye karai la mafuta? nikamuuliza. Si atatukaanga sote!

— Ulimi hauna mfupa, akasema Waziri, mzee wa methali. Ndiyo maana homa imeupinda. Anyamaze wiki mbili, utanyooka.

— Mabrouka anyamaze? nikasema. Hapo ndipo atakufa.

— Basi tumpeleke baharini, aukoshe kwa mawimbi saba.

— Chumvi juu ya chumvi, mzee?

— Dawa ya moto ni moto!

— Mnanong'ona nini nyie wazee? Mabrouka akapaza sauti. Frikase vipi leo?

— Tamu! tukajibu pamoja, Tabibu akiwa tayari anaomba maji.

Hapo akashuka dereva wa lori, mgeni kutoka Gabès. Akanunua moja, akang'ata, akasita.

— Mama, mbona chumvi imezidi hivi?

Nilitamani ardhi inimeze. Mabrouka akazima jiko, akamnyang'anya yule dereva frikase yake na kuing'ata. Akatafuna. Akafumba macho, akatafuna tena.

— Imezidi, akasema polepole. Wallahi imezidi! Naisikia!

Alicheka huku machozi yakimtoka, na mimi yangu sikuyaficha. Dereva alibaki mikono mitupu, hajui kosa lake wala sifa yake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Waziri, na kwa mara ya kwanza methali yake ikakaa mahali pake.

Mabrouka akawasha jiko upya. Kisha akafuta macho, akatugeukia, kijiko mkononi.

— Na nyie, miezi mitatu yote mlikuwa mnasifu nini?

Tukainamia vikombe, tukanywa kahawa iliyokwisha zamani.