Nywele za Mjomba Lorin

Benchi lilikuwa nje ya duka la babu yangu Ansel Truax, kinyozi wa Corbin Mills, Ohio, chini ya dirisha ambalo bibi yangu Hester alipitishia kahawa. Nayaandika haya kama bibi alivyonieleza, na pale aliposema hakumbuki nimeacha. Ilikuwa Alhamisi, Novemba 1894. Wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, wa Chuo cha Tolliver walikuwa hawajakata nywele tangu Agosti. Kofia za kuchezea hazikuwapo. Nywele nene ndizo zilizokinga kichwa, na aliyenyolewa kabla msimu haujaisha, nahodha hakumruhusu kuingia uwanjani. Mwana wa babu, mjomba wangu Lorin, ndiye aliyekuwa ncha ya kabari. Wenzake kumi walishikana nyuma yake, wakamsukuma mbio mpaka akajibamiza kwa wapinzani.

Siku hiyo kwenye benchi walikuwapo watatu: Jaji, ambaye hakuwahi kuhukumu chochote ila mashindano ya nguruwe, karani wa stesheni aliyeitwa Dakika, na mgeni mmoja, muuza nyembe aliyengoja treni ya saa tisa. Mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi, dhidi ya chuo kikubwa chenye wachezaji arobaini. Tolliver walibaki kumi na wawili, kumi na mmoja wa uwanjani na mmoja wa akiba. Wiki tatu kabla ya hapo, chuo cha jirani kilikuwa kimemzika mchezaji wake.

Dakika alishikilia kwamba marehemu aliponzwa na nywele.

— Zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Zingemkinga na nini zile?

Jaji akapinga. Kwake yeye kosa lilikuwa kabichi, kwamba anayekula kabichi mifupa yake hulowa.

— Mimi mwanangu Clement namlisha vitunguu vibichi kila asubuhi. Mgonge kichwani, utasikia kama mlango wa benki.

— Clement wako ni wa akiba nyuma ya Lorin, hajacheza hata mechi moja, bwana. Nani ameugonga huo mlango?

Walicheka. Dakika akaleta habari za kulowesha kichwa kwa siki na chumvi. Jaji akamtaja daktari wa Cleveland, asiyemjua jina, aliyegundua kwamba ubongo huota sugu kama kiganja, na kwamba baada ya pigo la tatu mtu hasikii kitu tena. Bibi alisema kadiri walivyozidi kuogopa ndivyo walivyozidi kusema haraka.

Ndipo Lorin akaja kutoka chuoni, nywele zimemfunika masikio. Akaegemea mlango.

— Baba, mechi ni lini?

— Jumamosi, mwanangu.

Akaitikia kwa kichwa, akamwamkia Jaji, akapokea kikombe dirishani kwa mama yake. Kisha akageuka.

— Baba, mechi ni lini?

Dakika alicheka, akasema kijana kapata mchumba. Hakuna aliyemuunga mkono. Babu alitoka, taulo begani.

— Jumamosi iliyopita nani alitufungia?

Mji mzima ulijua. Lorin mwenyewe ndiye aliyeuvusha mpira mstarini, akabebwa mabegani mbele ya benchi hilo hilo, kengele ya kanisa ikilia. Alitazama kikombe, akatabasamu kama mtu anayetaniwa.

— Kwani tulicheza?

Babu alimshika kiwiko, akamkalisha kitini. Lorin alipouona mkasi akamkamata mkono.

— Baba, usinifanyie hivyo. Watasema nimeogopa.

— Waseme. Mimi ndiye niliyeogopa.

Nywele zikaanza kuanguka. Juu ya sikio la kushoto babu alikuta uvimbe, laini, bibi alisema, kama yai lililochemshwa nusu. Aliuweka mkasi chini, akauchukua tena, akanyoa mpaka akamaliza. Bibi akajifunga shali, akaenda kumwita daktari. Mpaka anarudi naye, Lorin alikuwa amelazwa chumba cha nyuma, akiuliza habari ya mechi.

Bibi aliwakuta wale watatu palepale. Jaji alikuwa akisema kwa sauti kubwa kwamba Truax amefanya vyema, baba yeyote mwenye akili angefanya hivyo, na chuo kinaweza kusubiri. Dakika alikubali kila neno.

Muuza nyembe alisimama. Alisogeza sanduku lake akisikiliza kama treni inakuja.

— Samahanini, wazee, mimi si mtu wa hapa. Mlisema wamebaki kumi na wawili, na sasa huyu ametoka. Jumamosi nani atakaa mbele, mahali pake?

Dakika alimtazama Jaji. Bibi alichukua birika, akainama dirishani kumwongezea Jaji. Jaji alinyoosha kikombe, macho yakiwa kwenye njia ya chuoni, kikainama, na kahawa ya moto ikamwagika magotini mwake. Hakujisogeza.