Mama Seline na Maombi Yaliyosambaa

Baada ya miaka ishirini na minane ya kufundisha theolojia katika chuo chetu cha wachungaji hapa Eldoret, Mwalimu Seline Ayoo anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu. Mliotarajia wasifu wa vicheko mtusamehe. Vicheko vipo, ila havitoshi.

Alikuja kutoka Bondo kufundisha Agano la Kale, na msimamo wake haukubadilika: amri ya kutoshuhudia uongo haikuandikiwa mahakama peke yake. Kwake, anayesambaza ujumbe wa simu ni shahidi, na shahidi huulizwa alichokiona. Aliuliza "Nani aliona?" mpaka wanafunzi wakambandika jina, Mama Nani-Aliona. Kuna mhubiri mgeni aliyekatizwa na swali hilo akisimulia habari za nyoka aliyeokoka. Hajarudi mpaka leo.

Kisha yakaja ya Mungai, mwenye duka wa Cheptiret aliyekuwa akituletea unga wa jikoni. Mwaka jana kundi la maombi la wafanyakazi lilipokea ombi: tuwaombee watoto waliokufa kwa kula unga wake. Kwetu sisi umbea ukija kwa jina lake unafukuzwa, lakini ukija kama ombi la maombi unapewa kiti. Tukausambaza, kila mtu na Amina yake.

Mama Seline alienda Cheptiret. Akamtafuta mzazi aliyefiwa, asimpate hata mmoja. Akanunua unga, akasonga ugali, akaula pale dukani huku wateja wakimtazama kutoka ng'ambo ya barabara. Aliporudi aliandika ukweli katika kundi lile lile, na ukabaki humo. Uongo ulikuwa umeshafika hadi mji wa Moi's Bridge. Mungai akafunga duka, akahama na watoto wake. Mama alipouliza kwenye ibada ni nani atamfuata kumwomba msamaha, jibu letu lilikuwa moja: "Sisi tuliomba tu."

Muhula huo wanafunzi wote walifaulu swali la mtihani kuhusu amri ile ya kutoshuhudia uongo. Alisahihisha karatasi zao akilia, na sisi tulimwona.

Wiki hii kuna ombi jipya kwenye simu: tumwombee Mama Seline, amerukwa na akili, ndiyo maana anaondolewa. Hajarukwa na akili. Ni umri umetimia. Tunaandika hapa tukijua wengi wataliamini lile la simu.

Asante, Mama, kwa kutuuliza hata tulipochoka kuulizwa. Nenda salama Bondo, ukapumzike kutokana na sisi. Na tukikuombea, tutakuombea kila mtu chumbani kwake, bila kumwambia mtu.