Neno la Penseli

Siku ile tulikuwa wanne: Fundi Saa, mwenye kibanda; Dobi, mwenye birika la kahawa; Kamusi, mwalimu mstaafu; na mimi, mwanangu mgongoni. Fundi Saa alikuwa na fomu ya fumbo la maneno la gazetini. Anayejaza visanduku vyote huitwa kwenye fainali ya shindano, na Fundi ameisaka fainali hiyo miaka kumi na moja. Lilibaki neno moja: "Hubeba asiyeweza kutembea, herufi saba." Alikwama siku tatu. Nikiwa namfunga mtoto vizuri, likanitoka: "Si mbeleko?" Akaliandika kwa penseli, uso umemng'aa. Kisha akafika chini, pa kutia sahihi: "Nimejaza bila kusaidiwa na mtu."

— Hapo nimekwisha, akasema.

— Umekwisha nini? Dobi akamjazia kikombe kabla hajaomba. — Msaada ni mpaka uuombe. Uliuomba?

— Sikuuomba.

— Basi! Neno limeanguka, umeliokota.

Kamusi akakohoa.

— Sheria huangalia nia. Mama huyu alikuwa anaongea na mwanawe. Wewe umesikia tu kwa bahati.

— Bahati gani, mwalimu, na mimi nilimtazama usoni? nikasema.

— Dada nawe! Unatuharibia kesi! Dobi akalalamika.

— Tena kwa hesabu hiyo, akasema Kamusi, — mimi niliyemfundisha kusoma nimemsaidia fomu nzima.

— Na mimi kwa kahawa! Bila birika langu angejaza nini huyu? Tutie sahihi wote, mpaka aliyepanda mbuni wa kahawa!

Fundi Saa alicheka mpaka akashika mbavu, lakini kalamu haikushuka.

Mama mmoja aliyefuata saa yake akasimama, akasikiliza.

— Samahani, akauliza, — huyu dada mbona hana fomu yake?

Dobi akachungulia ndani ya birika. Kamusi akavua miwani, akaifuta. Miaka miwili naketi benchi lile, na hakuna aliyewahi kuliwaza hilo, hata mimi niliyeishia darasa la saba.

Fundi Saa akachukua ufutio, akalifuta neno langu taratibu, kama anayefuta vumbi kwenye kioo cha saa. Akatia sahihi.

— Fundi, na fainali yako? nikamuuliza.

— Haina miguu, dada. Nitaikuta.

Jumamosi iliyofuata alinunua magazeti mawili, moja akaliweka upande wangu wa benchi, na penseli juu yake.